Mwanangu, likate hilo neno

Mwanangu, tangu jana uliponipigia ukasema mwalimu kakusimamisha usome lile neno la kichocho kwa Kizungu ukanyamaza mpaka akakukalisha, mimi sijalala vizuri. Kwa nini ulinyamaza? Umevuka form six na divisheni wani, Igoma nzima wanajua, halafu neno moja likufunge mdomo?

Nimemwambia mdogo wako aliandike nyuma ya kalenda, schistosomiasis, mpangaji wa chumba cha uani si anasoma chuo cha afya Bugando, akanionyesha pa kukata. Schis-to-so-mi-a-sis. Vipande sita, piga makofi utaona, na hiyo mi inasomwa mai, ndo inabeba nguvu yote. Hapo ni kutamka tu. Maana yake ina mikato mingine, schisto kupasuka, soma mwili (sio kusoma, nilicheka mimi), iasis ugonjwa, Kigiriki hicho, kwa sababu yule mnyoo dume ana mfereji mwilini kama kapasuliwa na jike anakaa humo humo. Sasa angalia, so-mi ni silabi lakini maana inakatia kwenye som. Ni kama Kiswahili chetu tu, hawajaniletea, unatamka le-te ila mzizi ni let. Kumbe siku zote tunakata bila kujua!

Hepatosplenomegaly nayo ipo, ya kichocho hicho hicho, hepato ini, splen bandama, megaly kukua kupita kiasi. Ndo tumbo la babu yako wa Ukerewe, watu walisema karogwa.

Kwa hiyo usinyamaze. Ukikosea kosea kwa sauti, wacheke wamalize. Najua kucheka kunauma, na hapa nyumbani sio wageni walioanza kukucheka ukisoma, lakini na mimi hayo maneno nilikuwa siyawezi, ningekusaidiaje.

Dagaa wa juzi wamenyeshewa pale Kirumba, wamebadilika rangi, nimeuza kama chakula cha kuku. Ndo maana nimetuma elfu kumi na tano badala ya thelathini, usinune. Bati la jikoni bado linavuja. Kwaya wanakuulizia.

Alhamisi akikusimamisha tena usinyamaze, sikia, hata ukiishia schisto. Halafu ile chaja umeiacha makusudi au umesahau? Maana mdogo wako keshaiua.

Mama