"Sehemu chache" ni wapi?

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kukuandikia. Ila taarifa yenu ya juzi kuhusu mvua ya mawe iliyopiga huku kwetu Kericho imenikosesha usingizi. Mliandika kwamba "kimbunga" "kiliwashtukiza" wakulima wa chai. Maneno yote mawili yameniuma.

Siku hiyo nilifungua redio alfajiri kama kawaida. Utabiri ukasema: mvua za alasiri na ngurumo katika sehemu chache. Maneno hayo nimeyasikia tangu nilipopanda mche wangu wa kwanza wa chai. Nikawapeleka wachumaji saba shambani. Saa tisa kasoro upepo ukageuka, ukawa wa baridi, na kabla hatujafunga magunia mawe makubwa kama gololi yakaanza kumwagika. Yalipiga kama dakika ishirini. Mama mmoja alijifunika kikapu kichwani, akatoka na mikono imevimba hadi kwenye viwiko. Majani ya kuchumwa wiki ile yalilala chini yote, matawi yakachubuka, na kichaka kilichochubuka hivyo hukaa wiki nyingi bila kutoa kitu cha kupeleka kituoni. Paa la banda la ng'ombe tulilikuta kwa jirani. Ng'ambo ya bonde, kwa shemeji yangu, hata vumbi halikulowa.

Nikiuliza naambiwa mvua ya mawe haitabiriki. Ni kweli kwamba wingu la namna hii huwa na upana wa kilomita chache tu na halikai sana, kwa hiyo hakuna wa kuniambia Jumatatu kwamba Jumanne litapiga shamba langu. Lakini Kericho na Nandi hazikuanza jana kupigwa mawe. Ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana duniani kwa jambo hilo! Kila alasiri upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kukutana na upepo wa mashariki juu ya milima yetu, na wingu hupaa hadi kwenye baridi ya kugandisha maji. Sisi tuko kama mita 2,000 juu ya bahari, ndiyo maana mawe hayapati safari ndefu ya kuyeyuka. Wingu hilo huonekana likikua. Setilaiti ya Meteosat hupiga picha ya bara hili kila dakika 15 au chini ya hapo, na rada huona mvua nzito na barafu zingali angani. Wavuvi wa ziwani, kupitia HIGHWAY, mradi wa hali ya hewa ya Ziwa Victoria ulioanza 2017, walitengenezewa utabiri wa upepo, mawimbi na ngurumo uliogawanywa eneo kwa eneo. Nawafurahia kwa dhati. Kwa nini sisi wa huku juu tubaki na "sehemu chache"?

Na hicho hakikuwa kimbunga. Barafu na mvua zikishuka hupoza hewa, hewa hiyo nzito huporomoka, ikigonga ardhi husambaa kwa nguvu. Ndiyo iliyong'oa mabati. Mwandishi wenu angeuliza wazee wangemwonyesha migomba ilivyolala yote upande mmoja.

Halafu kuna watoto. Shule moja karibu nasi huwafungulia wanafunzi saa kumi, saa ileile ambayo radi huwa imekolea, nao hutembea wazi katikati ya chai wakiwa na miavuli ya chuma. Nimelisema hili katika mikutano miwili ya wazazi. Walimu wakubali kuwazuia darasani nusu saa siku ambazo anga limefunga. Hilo halihitaji hata shilingi.

Kuhusu utabiri, ombi langu ni hili. Kiwanda chetu cha chai kina king'ora. Kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na mbili, mtu mmoja wa idara ya hali ya hewa akae akitazama picha za mawingu ya Kericho, Bomet na Nandi. Akiona wingu linapaa kwa kasi, ampigie simu mlinzi wa kiwanda, na mlinzi apige king'ora mara tatu, kisha anyamaze, apige tena mara tatu. Akikosea mara mbili kwa wiki sitalalamika. Nitarudi shambani kuendelea kuchuma. Nusu saa inatosha kuwafikisha wachumaji saba chini ya paa.

Namba ya mlinzi ninayo, nitampa ofisa yeyote atakayeihitaji.

Mkulima wa chai,
Kericho