Barua kwa wapwa zangu mliouza madaftari kwa kilo

Wapwa zangu,

Assalaam aleikum. Nawaandikia hadharani kwa sababu faraghani mmenishinda. Kwenye kundi la familia nimetuma ujumbe mara tatu juu ya madaftari ya marehemu mama yenu, dada yangu. Mmeusoma wote, akajibu mmoja, naye kajibu kwa picha ya kidole gumba. Basi someni hapa, na wenye tabia kama zenu wasome pia, maana najua hamko peke yenu.

Jumatano iliyopita, baada ya sala ya Alfajiri, nilipita kwa mama muuza vitumbua hapa Ngamiani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, karatasi imerudi mjini kwa kishindo, na mimi nilikuwa mmoja wa waliofurahi. Akanifungia vitumbua sita. Nafika nyumbani, nafungua, na katikati ya mafuta naona mwandiko. Mwandiko ule siwezi kuukosea hata gizani: herufi zimelalia kushoto kama minazi ya ufukweni, na kila saba imekatwa kiunoni. Juu imeandikwa "Machi 1991". Chini yake sukari, mafuta ya taa, fundi viatu, ada ya wa pili imebaki nusu, sadaka ya Ijumaa. Nilikaa chini. Vitumbua vikapoa pale pale, sikuvigusa.

Nikarudi kwa yule mama kumwuliza karatasi kaitoa wapi. Akasema anauziwa kwa kilo na kijana wa vyuma chakavu, na kijana kasema kazikusanya kwenye nyumba ya msiba, wenyewe walikuwa wanasafisha stoo. Nyumba ya msiba! Mama yenu hajatimiza siku hamsini kaburini.

Sikuwaita wezi. Vitu ni vyenu. Ila nataka mjue mlichouza, kwa sababu naona hamjui, na kutokujua kwenu ndiko kunakoniuma kuliko zile kilo zenyewe.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alimtoa dada yangu shule alipomaliza darasa la nne. Mimi niliyekuja nyuma yake nikaachwa niendelee. Hakukuwa na sababu nyingine zaidi ya kwamba mimi mwanamume. Kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko changu, na mwalimu wake alifunga safari mpaka nyumbani kusema hivyo, akapewa chai, akanywa, akaondoka. Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, dada alikuwa na mtoto mgongoni. Huyo ni wewe, mkubwa. Akaenda darasani jioni, akakaa na watu waliokuwa wanashika kalamu kwa mara ya kwanza. Yeye kusoma alikuwa anajua. Alichokifuata ni hesabu, azidishe na kugawanya bila kumngoja mwanamume amfanyie. Akanunua kaunta buku moja, na kuanzia jioni ile hakuacha kuandika mpaka mkono ulipoanza kutetemeka.

Nyie mlikuwa mnamcheka. Mlisema Bi Mkubwa anaandika hata chumvi. Ndiyo, aliandika hata chumvi. Sasa nisikilizeni niwaambie chumvi ile ilifanya nini.

Mnakumbuka hadithi za mkonge mlizosimuliwa na baba yenu. Mwanzoni mwa miaka ya 60 nchi hii ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na Tanga ndiyo ilikuwa moyo wake. Kisha kamba za nailoni zikajaa duniani, bei ikaporomoka, na shamba moja baada ya jingine likageuka pori. Baba yenu, karani wa shamba, mtu wa kalamu sikioni, akapunguzwa kazi. Alikaa barazani miezi mingi akitazama barabara. Simlaumu, wanaume wengi wa mji huu walikaa hivyo. Aliyenyanyuka ni mama yenu, na alinyanyuka na daftari mkononi. Maandazi alianza na unga wa kilo mbili. Kila jioni aliandika yaliyouzika, yaliyoliwa na watoto, yaliyokopwa na majirani. Mafuta ya taa aliyaweka kwenye chupa iliyofungwa uzi ubavuni, na mafuta yakishuka chini ya uzi kabla ya Ijumaa, mtu alilala gizani. Mche wa sabuni aliukata vipande saba, kipande kwa siku. Mlikuwa mnamwona bahili. Bahili hufunga mkono asitoe, na yeye alitoa kila Ijumaa, tena aliandika alichotoa ili mwezi wa shida asijidanganye kwamba katoa.

Kuna kisa sijawahi kuwaambia. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walikuwa wanatupa magunia ya sukari mitaroni usiku kwa hofu. Bidhaa hazionekani dukani, na mwenye kilo kumi ndani anatazamwa kama jambazi. Wakaja migambo wawili nyumbani kwenu, jirani kasema humu mna sukari ya magendo. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuwasalimu, na nasema kweli miguu yangu ililegea. Mama yenu akawakaribisha mkeka. Akafungua daftari. Akawaonyesha tarehe, duka, kipimo na bei, kisha akawaonyesha maandazi ya kila siku na sukari iliyoingia humo, mpaka ile iliyobaki ndani ya kopo. Akaleta kopo na mizani. Ikawa ndiyo ile ile. Mgambo mkubwa alivua kofia, akauliza kama anaweza kupata maandazi mawili. Alipoondoka, dada akaandika: "Migambo, maandazi 2, bure." Nilicheka siku ile mpaka nikalia, kwa sababu hofu ilikuwa bado haijanitoka.

Daftari kama hilo ndilo mlilouza.

Na yapo mengine. Lilikuwepo la misiba na harusi, lenye majina ya mtaa mzima: nani alileta debe la mchele mlipomzika baba yenu, nani alikuja na kanga doti moja, nani alikuja mikono mitupu lakini akachota maji siku tatu. Huyo wa maji naye kaandikwa, sawasawa na wa mchele. Ndiyo maana mama yenu hakuwahi kukosa mahali pa watu. Wengine hukumbuka kwa kubahatisha, wakamwacha mwenye haki na kumpelekea mwenye sauti. Leo nyie mtakwenda kwa nani, na mtabeba nini? Hamjui. Kumbukumbu imefungiwa vitumbua.

Yalikuwepo pia ya maradhi yenu. Nimenunua karatasi zote zilizobaki kwa yule mama, kilo mbili na ushee, na nimelipa bei ya karatasi. Usiku nazipanga na miwani yangu hii mibovu. Katikati ya bei ya nyanya na nauli nimekuta: "Usiku homa imeshuka. Kala uji nusu kikombe. Kaniita jina." Hakuandika ni nani kati yenu. Mstari unaofuata ni mkaa.

Sasa niseme la arobaini, halafu nitapoa.

Mlikodi maturubai, viti vya kitambaa cheupe na mpiga video anayezunguka watu wakiwa wanakula. Kamati ilikaa vikao vinne. Mwisho wa yote akasimama kijana mnayemwita mshereheshaji, akasoma wasifu kwenye simu yake, dakika moja na nusu: marehemu alikuwa mama mcheshi, mkarimu, mpenda watu, hakubahatika kupata kazi. Hakubahatika kupata kazi! Watu wakaitikia "Amina", na mimi nikatazama viatu vyangu. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyepeleka neno pale mbele.

Hili si lenu peke yenu, ni ugonjwa wa jamii nzima. Mwanamke akipika ofisini kwa watu ana kazi, akipika nyumbani kwake miaka hamsini hana kazi. Mahakama ya Rufani ya nchi hii ilishaliona hili katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mwaka huo huo mama yenu alikuwa anawapimia migambo sukari. Majaji waliona, na nyie mliokula hayo maandazi mmeshindwa kuona. Nawaambia na wanaume wenzangu misikitini na makanisani: tukishika kipaza sauti kumzungumzia mwanamke aliyekufa, tunakumbuka tabasamu lake. Tunasahau kwamba alikuwa mhasibu, mweka hazina, mganga wa usiku na karani wa ukoo. Tabasamu halina gharama kulisifia. Kazi ukiitaja itabidi useme ilikuwa na thamani gani, na hapo ndipo tunapokohoa.

Na siku ya tatu, kabla tanga halijaanuliwa, mlianza kuulizana hati ya nyumba iko wapi. Iko kwenye kopo la biskuti, rafu ya juu ya kabati, chini ya kanga za msimu, pamoja na stakabadhi za kodi ya ardhi, matangazo yenu ya vizazi na kadi zenu za kliniki. Mliipata kwa dakika tano. Kwa majirani zenu hapo wanatafuta hati tangu mzee wao afariki, na ndugu hawasalimiani. Mlichotaka mlikipata kwa sababu ya mpangilio wake, kisha mpangilio wenyewe mkautia kwenye gunia la vyuma chakavu.

Haya, mengine nayataja tu, nyie ni watu wazima. Fuatilieni cheti cha kifo. Nendeni Mahakama ya Mwanzo mkateuliwe msimamizi wa mirathi kabla mtu hajapokea hata shilingi ya mpangaji. Cherehani irudi, aliyeichukua anajijua. Mpeni shangazi yenu kanga alizoachiwa, aliagiza mbele yangu. Na kila mmoja wenu aandike wosia wake akiwa mzima, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanauhifadhi, wala kuandika wosia hakumwiti Izraili.

Wewe mkubwa, nimekukemea zaidi kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa mgongoni siku ile ya darasa la jioni. Najua umechoka. Najua ulimwogesha mama yako miezi minne ya mwisho, na wadogo zako walikuwa wanatuma pesa na salamu. Stoo ile ilikuwa na panya, na mtu aliyechoka hutupa. Nilipokuja siku ya maziko nilikuona umekaa jikoni peke yako unahesabu vijiko vilivyoazimwa kwa majirani na kuviandika kwenye kiganja. Nilitaka kukuambia neno, watu wakaniita. Kitindamimba naye asijifanye haya hayamhusu. Ada yake ya kidato cha kwanza mpaka cha nne imo humu, senti kwa senti, miaka mingi kabla ya ule mwaka 2016 ambapo sekondari za serikali zilifutiwa ada. Imelipwa kwa maandazi. Nimeijumlisha mara mbili.

Lipo jambo moja zaidi, na hili ni langu. Kwenye ile karatasi ya kwanza, ya Machi 1991, mafuta ya vitumbua yalipokauka nimeona mstari wa chini kabisa. Umeandikwa: "Mdogo wangu, 2,000, nauli ya Korogwe. Atarudisha."

Sikurudisha. Sikumbuki hata safari yenyewe. Hakunidai kwa miaka zaidi ya thelathini, akanipikia kila nilipokuja, akanicheka kipara, akafa. Na hakuufuta ule mstari. Madeni mengine ya ukurasa ule yote yamepigwa mstari kwa wino mwekundu yalipolipwa. Langu ni jeupe.

Deni ninalodaiwa na marehemu sasa ni mali ya mirathi, nami sitaki kwenda nalo. Mwenye akili ya hesabu kati yenu akokotoe elfu mbili ya 1991 ni shilingi ngapi leo. Nitakuja Jumapili baada ya Alasiri, nikiwa na bahasha na zile kilo mbili za karatasi. Wekeni mkeka barazani. Na atafutwe mtu wa kuandika, mwenye kalamu nyekundu.

Mjomba wenu,
Ngamiani, Tanga