Gari la kupanda mawe halitaki mbio

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa ukurasa wa burudani, aliyeandika kwamba mtu anayetaka gari la rimoti lipande mawe aanze kwa kuliongezea nguvu: mota kali, betri ya seli tatu, vipuri vya alumini vinavyong'aa. Ameandika kwa ufasaha na picha zimetoka vizuri. Lakini huo ni ushauri wa gari la mbio. Msomaji akiufuata atapata gari litakaloruka juu ya jiwe la kwanza na kulala chali mbele ya jiwe la pili.

Mimi ni dereva wa malori mstaafu. Nilianza nikiwa utingo, nikaja kushika usukani, na siku hizi lori langu lina urefu wa nusu mita hivi. Nimeliunga kwa vipuri vya magari matatu yaliyokufa. Ekseli ni za krola (ndivyo tunavyoliita gari la rimoti la kutambaa juu ya mawe) iliyovunjika fremu, giaboksi ni ya nyingine iliyoungua umeme, shokapu zilikuwa za gari la mbio za vumbini. Bodi ni ya pikapu ya plastiki ya kuchezea watoto, ile wanayoivuta kwa kamba. Fremu nimeikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma kutoka kwenye vipande viwili vya alumini ya kona, nikavipiga tupa na kuvitoboa kwa keekee.

Mtu aliyewahi kupanda mlima na shehena ya saruji mgongoni anajua kwamba lori halipandi kwa makelele ya injini, linapanda kwa gia. Na krola ni hivyohivyo. Mota yangu ni ya kawaida ya saizi ya 540, ya brashi, yenye mizunguko 55 ya waya. Mizunguko ya waya ikizidi, mota hupungua mwendo na huzungusha kwa nguvu zaidi kwa umeme uleule. Mota za magari ya kuanzia huwa na mizunguko 27, na za mbio huwa chini ya hapo. Pinioni yangu, yaani gia ndogo iliyo kwenye mota, ina meno 12 na gia kubwa inayoipokea ina 60, kwa hiyo hapo tu mota inazunguka mara 5 ndipo gia kubwa izunguke mara moja. Giaboksi inapunguza tena karibu mara 2.7, difu, yaani gia za katikati ya ekseli, inapunguza mara 3. Zidisha, utapata mara 40 na ushei. Mota ikienda mizunguko 12,000 kwa dakika, tairi linazunguka kama mara 300. Kwa tairi la kipenyo cha milimita 108, huo ni mwendo wa kilomita 6 kwa saa, yaani mtu anayetembea kwa haraka. Na hapo nimevuta rimoti hadi mwisho! Juu ya jiwe nagusa tu.

Sasa weka mota ya mbio kwenye kazi hiyo. Inataka kukimbia, na wewe unailazimisha ikae karibu na kusimama huku imebeba mzigo. Inafyonza umeme mwingi, inapata joto, na kidhibiti mwendo nacho kinachemka. Nguvu inayokuja kwa mshtuko hung'oa tairi kwenye jiwe badala ya kulishikiza. Kama msomaji ana hela ya kununua kitu kimoja tu, anunue pinioni yenye meno machache zaidi, na anapoifunga aweke kipande cha karatasi nyembamba kati ya meno ya pinioni na ya gia kubwa, akaze bolti za mota, kisha aitoe karatasi. Mwanya unaobaki ndio unaotakiwa.

Mwandishi ameandika pia kana kwamba gari la kujiungia ni la mtu asiyeweza kununua lililo kamili. Hapo historia haimuungi mkono. Mwaka 1981 Tamiya, kampuni ya Japani ya magari ya rimoti, walitoa pikapu ya Toyota Hilux ya kipimo cha 1:10, yenye giaboksi ya gia tatu na springi za majani kama za gari lenyewe. Mwaka 1987 wakatoa Clod Buster, dude la matairi makubwa lenye mota juu ya kila ekseli. Halikuundwa kwa ajili ya kutambaa juu ya mawe. Watu walizing'oa ekseli zake, wakazitengenezea fremu zao wenyewe, na krola nyingi za mwanzo zikatokea humo. Viwanda vilikuja baadaye kuuza tayari kile ambacho mafundi walikwisha kukiunga mezani. Kampuni ya Traxxas walipoleta krola yao ya TRX-4 mwaka 2017, yenye ekseli zilizoinuliwa kwa gia kwenye kila gurudumu na difu zinazofungwa na kufunguliwa kwa rimoti, walileta gari zuri sana. Silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kuambiwa kwamba anayeunga ni yule asiyeweza kununua.

Sehemu ambayo makala imeiruka kabisa ni fimbo zinazoshika ekseli kwenye fremu, na mimi naona huko ndiko gari lilipo. Kwenye picha zenu hazionekani hata moja, kwa sababu gari limepigwa kwa ubavuni.

Za kwangu ni vyuma vyenye nyuzi kama za bolti, vya milimita 4, vilivyoingizwa ndani ya mirija ya alumini ya milimita 6 kwa nje, na kila ncha ina boljointi ya plastiki. Nyuma ziko nne. Mbili za chini ni ndefu na zimelala karibu sawa na ardhi. Mbili za juu zimepangwa kama herufi V, na hiyo V ndiyo inayoizuia ekseli isitembee kushoto na kulia. Fimbo za chini zikisimama sana, kila unapogusa rimoti ekseli inaisukuma fremu juu, gari linanyanyua makalio, uzito unahama, na kama uko mlimani unapinduka. Nimeona vijana wakibadilisha springi tena na tena kutibu ugonjwa huu, wakati dawa ni kutoboa tundu jipya kwenye fremu, chini kidogo ya lile la kwanza.

Mbele hakuna nafasi ya V, kwa sababu giaboksi na sevo ya stiringi (kimota kinachogeuza magurudumu) vimekaa hapo. Kwa hiyo nimeweka fimbo tatu za kwenda mbele na nyuma, na moja ya kukingama inayotoka kwenye fremu upande mmoja kwenda kwenye ekseli upande wa pili. Hii ya kukingama ina masharti: sevo ikiwa imefungwa kwenye fremu, fimbo ya kukingama na fimbo ya stiringi lazima zilingane urefu na zilale sambamba. Ekseli inapopanda na kushuka, ncha za fimbo hizo huchora tao. Matao yakifanana, magurudumu yanabaki pale ulipoyaelekeza. Yakitofautiana, gari linajikatia kona lenyewe kila linapokanyaga jiwe, na wewe unailaumu sevo bure.

Kuna jambo jingine ambalo kila muungaji hukutana nalo. Ukivuta rimoti ghafla, bodi inajipinda upande mmoja na gurudumu moja linakuwa jepesi. Propela shafti inaizungusha difu upande huu, na fremu inajibu kwa kujiviringisha upande ule. Ekseli zilizoinuliwa hupunguza tatizo hili kwa sababu kupunguza mwendo kunafanyika magurudumuni, baada ya shafti, kwa hiyo shafti yenyewe haibebi mzigo wote. Kwa ekseli za kawaida kama zangu, tiba ni springi ngumu kidogo upande unaolala, mafuta mazito kiasi ndani ya shokapu, na kidole chenye adabu kwenye rimoti.

Difu zote mbili nimezifunga kwa chuma kizima. Difu iliyo wazi hupeleka mzunguko kwa gurudumu lisilo na upinzani, na juu ya mawe gurudumu hilo ni lile linaloning'inia hewani. Wapo wanaojaza gundi ya kuyeyusha ndani ya difu, inafaa kwa kujaribia, ila joto likipanda inalegea. Gharama ya kufunga difu ni kwamba gari linakata kona kwa shida na matairi yanaburuzika. Ndiyo maana nimepiga tupa vizuizi vya stiringi ili magurudumu ya mbele yafikie nyuzi 45.

Nije kwenye uzito, ambako mwandishi na mimi tumeachana kabisa. Picha yenu kubwa inaonyesha gari lenye kareli juu ya paa, na kwenye kareli kuna tairi la akiba, madumu, koleo na sanduku. Linapendeza mno mezani. Mlimani mizigo hiyo ndiyo inayolivuta chali. Gari linapopanda, uzito wake unahamia ekseli ya nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na kila gramu iliyo juu ya paa inasaidia upande usiotakiwa. Dawa ni kuweka uzito chini na mbele. Mimi nimebandika vipande vya risasi ya kubalansia magurudumu ndani ya rimu za mbele, na betri nimeihamishia mbele ya giaboksi. (Anayeshika risasi anawe mikono kabla ya kula, na asiipige tupa ndani ya nyumba.) Halafu nikapima: magurudumu ya mbele juu ya mizani, ya nyuma juu ya ubao wa kimo kilekile, kisha nikageuza. Mbele nikapata kilo 1.55, nyuma 1.05. Ni karibu 60 kwa 40, ninavyotaka.

Watu hushangaa gari dogo kuwa na kilo 2.6. Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye kipimo cha 1:10 urefu unagawanywa kwa 10, lakini uzito unagawanywa kwa 10 mara tatu, yaani kwa 1,000. Gari halisi la kilo 2,600 linakuwa kilo 2.6. Kwa hiyo halijazidi hata gramu, limebeba kilo zake halali.

Matairi ya krola hayajazwi upepo. Ndani kuna sponji, na rimu ina tundu la kutolea hewa ili tairi linywee na kulikumbatia jiwe. Mbele nimeweka sponji laini, nyuma ngumu kidogo.

Bodi ndiyo iliyoamua urefu wa fremu. Niliiweka mezani, nikapima kutoka katikati ya tao la gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma, nikapata milimita 285, nikakata fremu kwa kipimo hicho. Ukianza na fremu halafu ukatafute bodi ya kuitosha, utakata matao mpaka gari lifanane na kitu kilichoumwa na panya. Plastiki ya gari la kuchezea watoto ni ngumu na nzito, kwa hiyo sakafu yote na viti nimevitoa kwa kisu cha moto.

Kuhusu vipuri vya alumini, nitamkubalia nusu. Chuma kinalipa kwenye shafti, kwenye vishikio vya magurudumu ya mbele na kwenye mkono wa sevo. Kwenye vishikio vya juu vya shokapu ni mapambo, tena mapambo yaliyokaa juu.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kuwahimiza vijana watumie betri za lipo (lithiamu polima) za seli tatu bila neno hata moja la tahadhari. Seli moja ya lipo ikijaa ina volti 4.2, na isiachwe kushuka chini ya 3.2 hivi. Ya kuhifadhi iwe karibu na 3.8. Vidhibiti mwendo vingi vina chaguo la aina ya betri. Kikiachwa kwenye upande wa betri za nikeli, kinaweza kuinyonya lipo hadi kuiua. Betri ya seli tatu huandikwa volti 11.1, na si kila kidhibiti kinaimudu, hilo husomwa kwenye karatasi ya kifaa kabla ya kuchomeka. Betri iliyovimba haichajiwi tena, na inayochajiwa haiachwi peke yake watu wakaenda kulala. Makala ya kurasa mbili ingekosaje nafasi ya sentensi hizo?

Ombi langu, Mhariri, ni hili. Mkiandika tena kuhusu magari haya, mwambieni mpiga picha aligeuze gari matairi juu, apige tumbo lake kwa karibu, na mwandishi achapishe idadi ya meno ya gia, urefu wa fimbo na uzito wa kila ekseli. Picha ya ubavuni na jua la jioni tumeshaiona.

Msomaji wenu,
Dereva mstaafu wa malori