Risala ya wahitimu wa mafunzo ya kuoka na kupamba keki kwa Mgeni Rasmi, siku ya mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Mkuu wa kituo pamoja na wakufunzi wetu,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutufikisha siku ya leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wahitimu tuko 14, wanawake 11 na wanaume watatu. Tulianza tukiwa 17. Wawili walishindwa nauli, na mmoja alijifungua katikati ya mafunzo. Huyo tunamsubiri awamu ijayo. Kwa miezi sita tumejifunza kuoka na kupamba keki za oda: za harusi, sendofu, kicheni pati, ubatizo, kipaimara, arobaini ya mtoto na mahafali kama haya.

Wengi wetu tulikuja tukidhani tunakuja kujifunza maua na rangi. Somo la kwanza likawa joto. Siagi huanza kuyeyuka inapokaribia nyuzi 32, na hapa Dar es Salaam mwezi wa Januari mchana unazifikia bila shida. Keki uliyoipamba asubuhi ikapendeza, saa nane mchana krimu inateleza ubavuni. Tulijifunza kuchanganya siagi na mafuta magumu ya mboga ili krimu isimame. Lakini mafuta yakizidi, mlaji anabaki na utando mdomoni, kwa hiyo kila mmoja wetu amehangaika kutafuta kipimo chake. Keki za harusi tunazipaka kwanza chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa na krimu ya moto, ikishika ndipo tunaifunika kwa fondanti, yaani donge laini la sukari linalosukumwa kama chapati. Kazi nyingi tunazifanya usiku, kukishapoa.

Friji nayo ina mambo yake. Keki ya fondanti ikitoka kwenye ubaridi inatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye barafu. Ukiigusa wakati huo, alama ya kidole inabaki. Tumefundishwa kuiacha ndani ya boksi lake lililofungwa mpaka ipate joto la chumba, unyevu uishie kwenye boksi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunaomba tukueleze keki moja tu, ili uione kazi yenyewe. Mama mmoja aliagiza keki ya kicheni pati ya bintiye, ya tabaka mbili, iliyovishwa kanga. Alitaka pindo, mji na jina, vyote. Jina alilolichagua ni "Mapenzi ni kikohozi hayawezi kufichika". Pindo tulilikata kwa fondanti nyekundu na nyeusi, kipande kwa kipande. Jina likaandikwa kwa brashi nyembamba. Rangi ya kuandikia wapambaji wengi huilainisha kwa pombe kali kwa sababu inakauka haraka, lakini mama yule ni Mwislamu, nasi tukatumia maji ya limau na kuvumilia kusubiri ikauke. (Kwa wateja wa namna hiyo tunasoma pia kibandiko cha jelatini, isije ikawa ya nguruwe, na cha vanila, isije ikawa na pombe, kabla ya kununua. Mtu akikuaminia shughuli yake, amekuaminia na imani yake.)

Kuandika jina la kanga kwenye keki hakuanzii kushoto. Ukianzia kushoto, nafasi itakuishia na herufi za mwisho zitabanana. Tulihesabu: herufi 34. Tukatafuta katikati, nayo ikaangukia kwenye mwanya kati ya "kikohozi" na "hayawezi", 17 upande huu na 17 upande ule. Tukaanzia hapo kwenda pande zote mbili. Kuandika maneno hayo matano tu kulichukua zaidi ya saa mbili, mwandishi ameshikilia mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto usitetemeke.

Keki ile tuliiuza shilingi 120,000. Unga, mayai, siagi, sukari, fondanti, rangi, ubao na boksi vilikula 74,000. Gesi, umeme na bajaji 16,000. Zilibaki 30,000, za watu wawili waliofanya kazi siku mbili. Yaani kila mmoja alipata 7,500 kwa siku, na usiku mmoja hakulala. Hata hivyo tuliambiwa tumeuza ghali, kwa kuwa keki ni unga na mayai.

Hilo ndilo jambo kubwa tulilotaka kulisema leo, Mheshimiwa. Mteja anahesabu unga, anahesabu mayai, mkono wa mpambaji anauweka sifuri. Fundi cherehani anatenganisha bei ya kitambaa na ya kushona, na mteja analipa zote mbili bila ubishi. Sisi tukitaja ufundi tunaonekana tunaongeza bei. Na sisi wenyewe tulichangia, kwa sababu mwanzoni tulikuwa tunaogopa kuutaja. Mkufunzi wetu ametulazimisha sasa kila oda iwe na karatasi yake: vifaa mstari wake, usafiri mstari wake, ufundi mstari wake.

Mafunzo hayakwenda bila majeraha. Kwenye keki ya sendofu ya tabaka tatu tulikata vijiti vya kubebea tabaka kwa kukadiria kwa macho. Havikulingana. Bajaji ilipopita matuta mawili, tabaka la juu likainama, na tulipofika ukumbini lilikuwa limezama kwenye la katikati. Tuliitengeneza chumba cha nyuma huku MC akiwa ameshaanza kutambulisha familia, na maua tuliyokuwa tumeyapanga mbele yakahamia kufunika ufa. Bibi harusi hakujua. Mama yake alijua, akanyamaza, akatulipa yote. Tangu siku hiyo vijiti vinapimwa kwa rula na kukatwa pamoja, na hakuna keki inayotoka bila kuongozana na mfuko wa krimu, kisu bapa na maua ya akiba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Changamoto nyingine unazijua. Umeme ukikatika keki iko kwenye oveni, haifufuki. Wengi wetu hatuna oveni wala friji ya kutosha nyumbani, na mashine za kukorogea za kituo tunaziacha hapa leo.

Maombi yetu ni haya. Tumeunda kikundi, na tunaomba Afisa Maendeleo ya Jamii atusaidie kukamilisha usajili ili tuombe mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4 na vijana asilimia 4. Tukipata oveni moja kubwa na friji moja, tutafanya kazi jiko moja kwa zamu. Chumba tumeshaonyeshwa, kodi tutachangishana.

Ombi la pili halihitaji bajeti mpya. Ofisi za wilaya zina shughuli: watumishi wanastaafu, wanaagwa, kuna siku za wanawake na sherehe za wafanyakazi. Tunaomba keki za shughuli hizo mtuagize sisi, kwa karatasi yenye mstari wa ufundi, na nusu ya malipo itangulie siku ya oda. Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ikilipa ufundi wa keki, mteja wa mtaani naye atauona mstari ule kuwa ni wa halali.

Tunawashukuru wakufunzi wetu walioonja makosa yetu yote kwa miezi sita, na wazazi waliovumilia majiko yaliyojaa sukari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, keki iliyo mbele yako tumeipamba wote 14, kila mmoja ua lake. Kwa heshima yako krimu yake ni ya siagi tupu, hatukuchanganya na mafuta, kwa sababu tulitaka uionje ilivyo. Saa hizi ni saa sita kasoro. Tunaomba utukatie kabla ya saa saba.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wahitimu.