Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Darasa la Mapishi

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa mwaka jana mlilalamika kwamba mnakuja kumtazama mwalimu akipika, kisha mnarudi nyumbani mikono mitupu. Mlikuwa na haki. Tangu hapo tumegawanyika katika vikundi vya watu wanne, kila kikundi na jiko lake, na mwalimu hashiki mwiko ila anapoonyesha jambo jipya.

Vipindi vitatu vya mwanzo vilikuwa vya kisu peke yake. Najua wapo waliochoshwa na vitunguu, na wengine walinifuata kuniuliza watapika lini. Bado nausimamia uamuzi ule. Anayekunja ncha za vidole na kuacha vifundo viongoze kisu hajikati ovyo, na vipande vikilingana huiva pamoja, si hiki kimeungua na kile bado kigumu. Visu vyote pia tumevinoa. Kisu butu humlazimu mtu kukandamiza, na hapo ndipo kinapoteleza.

Ile jioni mafuta yaliposhika moto kikaangoni sitaisahau. Mwenzetu alikwisha kunyanyua jagi la maji. Aliyekuwa kando yake akamdaka mkono, mwingine akazima jiko na kufunika kikaango. Maji yale yangezama chini ya mafuta, yakageuka mvuke papo hapo na kuturushia moto usoni. Hatukuumia, namshukuru Mungu. Siku hizi hakuna jiko linalowashwa kabla mfuniko haujawekwa karibu, na kamati imenunua blanketi la kuzimia moto.

Tumenunua na vipimajoto. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kifike nyuzi joto 70 hadi ndani kabisa, na kikishapikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Sisi tulikuwa tukikisia kwa rangi ya nyama, na rangi hudanganya.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kwa ufupi, ada zinatosha vyakula na gesi, lakini haziwezi kumlipa mwalimu wa pili, naye tunamhitaji sana.

Linaloniuma ni vyombo. Wanaobaki kuosha ni walewale kila wiki. Mtu anakula, anafuta mdomo, anaaga. Kamati inapendekeza kila kikundi kioshe vyombo vyake na kufuta jiko lake kabla ya kuketi kula, na leo naomba mlipigie kura.

Naomba pia ile saa ya kula pamoja isipunguzwe, ingawa wapo waliopendekeza kila mtu afungashiwe chake aende nacho. Mwanachama mmoja aliniambia kwamba baada ya kubaki peke yake nyumbani aliacha kupika, akawa anakula akiwa amesimama. Alijiunga nasi apate meza yenye watu. Wiki iliyopita yeye ndiye aliyetupakulia sote.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti