Mama aliniambia nisubiri, sasa umri wa zimamoto umenipita

Shangazi, shikamoo.

Ninakuandikia saa kumi alfajiri bila kupata lepe la usingizi, na kutoka hapa Kirumba taa za wavuvi wa dagaa bado zinaonekana ziwani.

Nina miaka 26 na miezi minne. Tangazo la ajira za zimamoto lililotoka wiki iliyopita linataka waombaji wa kidato cha nne wasiozidi miaka 25. Sigombani na utaratibu huo, kwa kuwa kuvuta mpira wa maji na kumshusha majeruhi kwa ngazi ni kazi ya damu changa, ingawa Uingereza hawana ukomo wa juu, bali humpima mtu afya na nguvu zake. Kinachoniuma ni neno la mama. Jana nilipomwonyesha tangazo alisema, "Ungekuwa na nia ungekwenda zamani."

Zamani ipi, Shangazi? Nilikuwa kidato cha nne mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na watu 228 wakafa, na tangu siku ile sijataja kazi nyingine nyumbani kwetu. Baba alifariki mwaka uliofuata, nikaanza kubeba magunia ya dagaa Mwaloni ili wadogo zangu wawili wasome. Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani kule Bukoba na yule kijana mvuvi aliyesaidia kuokoa abiria akaingizwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, nilikuwa na miaka 22, na wiki ileile nilimwambia mama kwamba nafasi zikitoka nitaomba. Alinijibu, "Subiri kwanza wadogo zako wamalize." Nikasubiri. Nafasi zikatoka, nikasubiri tena. Sijutii hata shilingi moja ya ada niliyolipa, na sidai kurudishiwa chochote, lakini leo inakuwaje mimi ndiye niliyekosa nia?

Kazi yenyewe siitaki tena, nimeshawaambia hivyo. Hata hivyo kila asubuhi bado ninapanda kilima cha Bugando kwa mbio kabla ya kwenda Mwaloni.

Sasa mjomba ameleta shauri kwamba nitumie vyeti vya mdogo wangu mwenye miaka 21, ambaye hana haja na kazi hiyo na amekubali kunipa. Nilimkumbusha mjomba kwamba namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa, na kwamba uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 uliwatoa kazini maelfu ya watumishi. Anasema tunafanana mno, hakuna atakayeuliza. Mama alikuwa amekaa palepale akichambua mchele, na alichosema ni "Mnajua wenyewe." Aliyenizuia kwenda kwa jina langu ananiacha niende kwa jina la mdogo wangu!

Mimi si mwongo, Shangazi, na sijawahi kuchukua cha mtu. Lakini maombi yanafungwa Ijumaa, bahasha ya mdogo wangu iko juu ya kabati, na mama hajaniambia niichukue wala niiache. Nifanyeje? Na je, nitakuwa nimemkosea adabu nikimwomba akubali, hata tukiwa wawili tu jikoni, kwamba aliniambia nisubiri?

Msomaji wako, Mwanza