Wenye kesi nao waingie ukumbini

Mhariri,

Chuo kimoja hapa Bukavu kilimwalika juzi mzee mmoja, profesa na mpigania haki wa siku nyingi. Ukumbi ulijaa hadi vijana wakakaa madirishani. Alimkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996, wengi wao wakiwa hawajazaliwa. Kisha akaeleza ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, yenye matukio zaidi ya 600 ya ukatili nchini mwetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kati ya 1993 na 2003. Hadi leo haijatuletea mahakama maalumu.

Kinachoniuma ni kwamba yote hayo yalisemwa kwa Kifaransa. Mama wa mtaa wa Kadutu, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, beseni lake miguuni, aliuliza kwa Kiswahili: sisi tuliofiwa tupeleke wapi madai yetu? Mzee akamjibu kwa Kiswahili safi, kwa kirefu, na hapo ndipo watu walipoanza kuuliza kwa dhati.

Naviomba vyuo vyetu vitangaze mihadhara hii redioni, raia waingie bila kudaiwa kadi ya mwanafunzi, na Kiswahili kitumike tangu mwanzo.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu